Matibabu Kwanza au PF3 Kwanza? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hospitali, Polisi na Serikali

Maswali haya hujirudia kila mahali: kwenye benchi la mapokezi, nje ya kituo cha polisi, kwenye kundi la familia usiku mtu anapopata ajali. Mengi yanahusu Tanzania na Kenya. Mengine yametoka Liberia, Kongo, Nigeria, Zambia na Afrika Kusini, maana ukivuka mpaka unakuta fomu imebadilika jina na shida ni ileile. Kama kesi yako ni nzito, ukurasa huu hautoshi. Mwone wakili au msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe.

## Fomu na mlango wa hospitali

1. PF3 ni nini hasa? Na P3 ya Kenya ni kitu kingine?

Hizo ni mtu na mdogo wake. PF3 ni fomu ya Polisi Tanzania. Askari hujaza sehemu ya kwanza: nani kaumia, lini, na anasema kaumizwa vipi. Kisha daktari au tabibu huandika alichokiona mwilini: jeraha liko wapi, refu kiasi gani, la kitu butu au chenye ncha kali, bichi au la siku kadhaa. P3 ya Kenya hufanya kazi hiyohiyo.

Zote mbili ni karatasi za mahakamani. Miezi sita baadaye, kovu likiwa limepona na shahidi amehama mtaa, fomu hiyo ndiyo itakayomwambia hakimu kwamba siku ile mkono ulikuwa umevunjika. Kumtibu mtu hakuhitaji hata mstari mmoja wa fomu hiyo. Kuchanganya mambo haya mawili kumewagharimu watu damu nyingi.

2. Hospitali inaweza kukataa kunitibu mpaka nilete PF3?

Kwa jeraha la dharura, haipaswi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katiba ya Afrika Kusini inasema hivyo hivyo kwenye kifungu cha 27(3). Nigeria ilitunga sheria maalumu mwaka 2017 kuhusu watu waliopigwa risasi: hospitali lazima impokee majeruhi awe na karatasi ya polisi au asiwe nayo, na yenyewe ndiyo yenye wajibu wa kuwaarifu polisi ndani ya saa mbili tangu matibabu yaanze. Angalia jinsi mzigo ulivyogeuzwa. Zamani majeruhi ndiye aliyebeba risasi mwilini na bado akatakiwa atafute karatasi. Sasa anayetafuta polisi ni hospitali.

Katiba ya Tanzania haina ibara iliyo wazi namna hiyo, japo haki ya kuishi imo. Ndiyo maana mengi yamebaki kwa busara ya aliyekaa mapokezi usiku huo.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Shemeji yangu alikatwa panga mkononi akirudi kutoka kazini. Tukamfikisha hospitali amefungwa kitenge kilichokwisha kuwa chekundu chote. Muuguzi hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu: "Kaka, PF3 iko wapi?" Nikapanda bodaboda hadi kituoni. Askari wa kaunta akafungua droo, akaifunga. "Fomu zimeisha. Toa hela tukatoe kopi." Nikamwambia, "Afande, mgonjwa anavuja damu." Akajibu kwamba wote wanaokuja pale wanavuja damu. Niliporudi na karatasi, daktari wa zamu alikuwa ameshamshona bila kungoja mtu. Aliipokea fomu, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, akasema ataijaza asubuhi. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenda.

3. Kwa nini basi wahudumu wanaing'ang'ania?

Hofu, zaidi ya roho mbaya. Muuguzi anawaza: huyu akiwa jambazi aliyetoroka, mimi nitaitwa nimemficha. Nigeria hofu hiyo ilikuwa na mizizi kwenye sheria za ujambazi za enzi za utawala wa kijeshi, zilizotaka hospitali itoe taarifa za kila mwenye jeraha la risasi. Ikazoeleka kwamba daktari hamgusi mtu hadi polisi waseme, na watu wakafia kwenye viti vya magari nje ya geti.

Hofu ya pili ni mahakama. Daktari aliyejaza fomu huitwa shahidi. Anasafiri, anakaa korido siku nzima, kesi inaahirishwa, anarudi wiki tatu baadaye. Baada ya mara mbili tatu anajifunza kukwepa fomu.

4. Fomu inalipiwa?

Fomu yenyewe ni bure, Tanzania na Kenya. Ukiambiwa utoe hela ya karatasi, ya kopi, ya wino au ya mafuta ya gari, hiyo ni kitu kidogo kwa jina lingine. Omba risiti, mara nyingi bei hufa hapo hapo. Gharama za vipimo na dawa hospitalini ni suala tofauti, na zina utaratibu wake.

Hali hii si ya kaunta moja. Utafiti wa Transparency International na Afrobarometer uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha nchi 35 za Afrika, ulionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne waliotumia huduma za umma mwaka uliotangulia walitoa rushwa, na polisi ndio walioonekana na wananchi kuwa wala rushwa kuliko taasisi nyingine.

5. Nifanye nini ili fomu isije ikakataliwa mahakamani?

Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, na tarehe ya tukio iwe ileile uliyoisema kituoni. Chukua namba ya taarifa yako (Tanzania huitwa RB, Kenya OB) na uiandike mahali pengine mbali na simu. Daktari aandike kwa mwandiko unaosomeka, aweke jina, cheo, sahihi na mhuri. Piga picha ya fomu iliyojazwa kabla hujairudisha, maana mafaili hupotea.

Kosa linaloua kesi nyingi ni daktari kuandika "ameumia mkono" na kuishia hapo. Mkono upi? Sehemu gani? Kwa kitu gani? Mwombe kwa adabu aongeze. Una haki ya kuomba.

## Ukatili wa kingono

6. Mtu akibakwa, aanzie polisi au hospitali?

Hospitali, kama kuna nafasi ya kuchagua. Saa hazisubiri. Dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, nazo zina nguvu zaidi siku ya kwanza. Hakuna foleni ya kituo cha polisi inayostahili kula saa hizo.

Asioge, asibadili nguo kama inawezekana. Akibadili, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huozesha ushahidi. Ikiwa ameshaoga, bado aende. Watu wengi hukaa nyumbani wakidhani wameshaharibu kila kitu, kumbe dawa bado zinafanya kazi na daktari bado anaweza kuona majeraha.

Kenya, hospitali hujaza fomu yake ya huduma baada ya ubakaji, tofauti na P3, na matibabu katika hospitali za umma ni bure kwa manusura. Tanzania kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, askari na mshauri wanapatikana mahali pamoja, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukifika kituoni uliza dawati hilo moja kwa moja, usielezee mkasa wako mbele ya kaunta na watu waliokuja kufuata pikipiki zao.

7. Nikitibiwa, je, nimelazimika kufungua kesi?

Mtu mzima anaweza kupata matibabu leo na kuamua kuhusu kesi baadaye. Mtoto ni jambo jingine: anayemhudumia ana wajibu wa kumlinda na kutoa taarifa. Kuna "kuelewana kifamilia" kunakofanyika huku mtoto anaendelea kuishi na aliyemdhuru chini ya paa moja. Hapo msimamo wangu hauna pande mbili.

## Magonjwa ya mlipuko na askari

8. Serikali ina mamlaka ya kunifungia ndani kwa sababu ya ugonjwa?

Inayo, na si mamlaka mapya. Sheria nyingi za afya ya jamii barani zimerithiwa kutoka ukoloni, na zinaruhusu kumtenga mgonjwa, kufunga soko, hata kuteketeza vitu. Swali la maana ni mipaka yake. Hatua iwe na msingi wa kisheria, ilenge hatari iliyopo kweli, iwe ya muda, na isizidi kinachohitajika. Anayetengwa apewe chakula, maji, dawa na njia ya kuwasiliana na ndugu. Karantini bila chakula ni kifungo, na mtu aliyefungwa hutafuta pa kutorokea.

9. Kwa nini mara nyingine askari wakipelekwa, mambo huharibika zaidi?

Chukua West Point, mtaa wa mabanda mjini Monrovia. Tarehe 20 Agosti 2014, katikati ya Ebola, serikali ya Liberia iliuzungushia waya na askari usiku, wakazi makumi ya maelfu wakiamka wamefungiwa. Bei ya chakula ikaruka. Watu wakarusha mawe, askari wakafyatua risasi, kijana wa miaka 15 akafa. Siku kumi baadaye zuio likaondolewa. Wakati huo waliokuwa na fedha kidogo walishapata njia ya kupenya kwa kuwapa walinzi chochote. Kwa hiyo uzio ule ulizuia mchele kuingia na haukuzuia watu kutoka.

UVIKO-19 ulirudia somo hilo. Nigeria, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa taarifa katikati ya Aprili 2020 kwamba vyombo vya usalama vimeua watu 18 katika kusimamia zuio la kutotoka nje. Wakati huo waliokufa kwa ugonjwa wenyewe nchini humo walikuwa wachache kuliko hao. Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi tarehe 30 Machi 2020 akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, siku ya nne ya kafyu. Hadi mwanzoni mwa Juni chombo cha kusimamia polisi cha Kenya kilikuwa kimehesabu vifo 15 vilivyohusishwa na usimamizi wa kafyu. Afrika Kusini, mkazi mmoja wa Alexandra, mtaa wa Johannesburg, alikufa baada ya kupigwa na wanajeshi Aprili 2020, na mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikaamuru serikali iweke mwongozo wa jinsi askari watakavyoshughulika na raia.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Zambia, kipindupindu kilipoipiga Lusaka mwisho wa 2017, wanajeshi waliingizwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Kazi ile ilihitaji malori na mikono, na jeshi linavyo vyote viwili. Kafyu iliyowekwa Kanyama, mtaa wa Lusaka, na kuondolewa kwa wachuuzi ndivyo vilivyozaa ugomvi Januari 2018. Askari mwenye koleo alikubalika. Aliyeshika kirungu ndiye aliyekimbiwa.

10. Kwa nini watu wachome kituo kinachowatibu?

Watu wa nje hujibu "ujinga" na kufunga mjadala. Tazama Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na haukuisha hadi 25 Juni 2020, ukiwa umeua zaidi ya watu 2,280. Eneo hilo lilikuwa limekwisha kushuhudia miaka ya mauaji ya vikundi vyenye silaha, na wakazi waliona hakuna anayewalinda. Ghafla, kwa ugonjwa mmoja, magari meupe yakajaa barabarani.

Kisha, siku chache kabla ya uchaguzi wa Desemba 2018, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura hadi Machi, sababu mojawapo ikiwa Ebola. Rais mpya aliapishwa Januari. Kura yao ilikuwa ya nini basi? Kesho yake baada ya tangazo waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Tarehe 30 Desemba wakazi wakapanga foleni na kufanya uchaguzi wao wa mfano, wakinawa mikono kabla ya kupiga kura, kuonyesha kwamba inawezekana.

Hilo halihalalishi kuwashambulia wahudumu. Aprili 2019 daktari kutoka Cameroon aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo. Ila ukitaka kujua kwa nini mtu anakataa chanjo, anza kwa kuuliza serikali ilimfanyia nini kabla chanjo haijafika.

11. Serikali ikificha takwimu za ugonjwa, mimi raia nina hasara gani?

Unapanga maisha gizani. Tanzania iliacha kutoa takwimu za UVIKO-19 mwishoni mwa Aprili 2020, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509, na haikurudi kuzitoa hadi mwaka uliofuata baada ya uongozi kubadilika. Katikati hapo kila familia ilikuwa mtakwimu wake mwenyewe, ikihesabu misiba ya mtaani. Uvumi hujaza nafasi ambayo takwimu zimeiacha, na uvumi hauna masahihisho.

Nchi hiyohiyo imeonyesha pia njia nyingine. Virusi vya Marburg vilipotokea Kagera Machi 2023, vilitangazwa, na mlipuko ukaisha baada ya wagonjwa tisa, sita wakiwa wamefariki. Januari 2025 kulikuwa na kusuasua: wizara ilisema kwanza vipimo havikuonyesha kitu, kisha tarehe 20 Rais akathibitisha hadharani kwamba Marburg ipo Biharamulo. Tarehe 13 Machi ulitangazwa kwisha. Siku chache za kusuasua zinaweza kuonekana ndogo. Kwa muuguzi anayemgusa mgonjwa bila glavu, si ndogo.

## Mahabusu, seli na mochwari

12. Ndugu yangu yuko mahabusu na anaumwa. Nianzie wapi?

Muone mkuu wa kituo, si askari wa kaunta peke yake, na umwambie ugonjwa kwa jina: kisukari, pumu, kifafa, TB, dawa za VVU. Peleka dawa zikiwa kwenye pakiti yake na cheti cha kliniki. Vidonge vilivyofungwa kwenye gazeti vitakataliwa. Omba iandikwe kwenye kitabu kwamba umeleta dawa na saa uliyoleta. Mstari huo mmoja wa wino unamfanya kila askari wa zamu inayofuata ajue kwamba akidharau, kuna kumbukumbu.

Miongozo ya Luanda, iliyopitishwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2014, inampa aliyekamatwa haki ya huduma ya haraka ya afya. Na Kenya na Tanzania saa 24 ndizo za kawaida za kumfikisha mtu mahakamani. Zikipita, uliza kwa nini, na uulize kwa maandishi.

13. Mtu akifia mikononi mwa polisi, nani anasema kafa kwa nini?

Daktari bingwa wa uchunguzi wa maiti, na hapo ndipo udaktari unapokuwa kazi ya ujasiri. Juni 2025, Nairobi, mwalimu mmoja aliyekuwa akiandika mtandaoni alikufa akiwa kituo kikuu cha polisi cha jiji. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi ulioongozwa na daktari wa serikali ulikuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo ambazo haziendani na mtu kujigonga. Bila meza ile ya mochwari, hadithi ya ukuta ingekuwa ndiyo historia.

Familia ifanye mambo mawili. Kwanza, isikubali kuzika kabla ya uchunguzi, hata shinikizo la kuwahi mazishi likiwa kubwa, na kwa ndugu zetu Waislamu najua jinsi hili linavyouma. Pili, iombe daktari wake awepo wakati wa uchunguzi, akiandika yake. Kenya ina sheria ya huduma ya wachunguzi wa vifo ya mwaka 2017, ila imekaa miaka kwenye karatasi bila kutekelezwa, kwa hiyo polisi hubaki wakishika mwanzo wa uchunguzi ambao unaweza kuwahusu wao.

14. Wanakamata watu kwa uzururaji na kuwajaza seli. Hilo linahusiana nini na afya?

Linahusiana sana. Seli iliyojazwa wachuuzi, wasio na makazi na vijana waliokaa tu kibarazani ni chumba cha kugawana TB na upele. Wanatoka baada ya siku mbili na kurudi nayo nyumbani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Arusha yenyewe iko kwenye nchi ambayo uzururaji bado umo kwenye kanuni za adhabu. Ndivyo dunia ilivyo.

## Fedha

15. Hospitali inaweza kumzuia mgonjwa au maiti kwa sababu ya deni?

Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mwaka 2015, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiwa hospitali ya uzazi Nairobi baada ya kujifungua, kwamba kumzuia mtu kwa deni ni kinyume cha katiba. Deni hudaiwa kama madeni mengine, kwa makubaliano au mahakamani. Hali halisi wodini huwa tofauti, na mlinzi wa geti hajasoma hukumu. Omba kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, uandike ahadi ya kulipa kidogo kidogo, uweke sahihi. Kuhusu maiti, mahakama za Kenya zimekwisha sema zaidi ya mara moja kwamba maiti si mali ya kushikiliwa rehani.

16. Fedha za dharura huishia wapi?

Penye manunuzi ya haraka. Dharura hulegeza zabuni, na hapo panya hufurahi. Mkaguzi wa Sierra Leone aliripoti Februari 2015 kwamba karibu theluthi ya fedha za Ebola alizokagua hazikuwa na nyaraka za kuridhisha. Kenya, ukaguzi maalumu wa mamlaka ya ugavi wa dawa uligusa manunuzi ya UVIKO ya shilingi bilioni 7.8. Afrika Kusini, mkataba wa mawasiliano wa randi milioni 150 ulimfanya waziri wa afya ajiuzulu Agosti 2021, ingawa alikana kosa.

Angalia lakini: zote tatu zilifichuliwa na wakaguzi na waandishi wa nchi hizohizo. Nchi isiyo na kashfa huenda haina mkaguzi.

17. Azimio la Abuja lilisema nini?

Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijafika. Bajeti ikisomwa, usiishie kwenye kilichotengwa, uliza kilichotolewa. Kati ya hivyo viwili kuna zahanati nyingi zisizo na paa.

## Mambo ya pembeni yanayoulizwa kwa sauti ya chini

18. Mgonjwa wa TB anayeacha dawa anaweza kufungwa jela?

Iliwahi kutokea. Mwaka 2010, Kapsabet nchini Kenya, wanaume wawili waliamriwa wakae gerezani miezi minane kwa kuacha dawa. Walitolewa baada ya siku 46. Machi 2016 Mahakama Kuu ikasema kumtenga mgonjwa wa TB gerezani ni kinyume cha katiba. Kiafya pia ni kichekesho: unamchukua mwenye ugonjwa wa hewa unamweka kwenye chumba kilichojaa zaidi nchini. Mtu huacha dawa kwa sababu ya njaa, nauli au madhara ya vidonge. Uliza ni ipi kati ya hizo.

19. Aliyejaribu kujiua akipelekwa hospitali, atakamatwa?

Inategemea nchi. Ghana iliondoa kosa hilo mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho Januari 2025. Tanzania bado ni kosa kwenye kanuni za adhabu, na hofu hiyo huwafanya ndugu wamfiche mgonjwa au waseme "ameanguka". Mpelekeni hospitali hata hivyo, na mwambieni daktari ukweli, kwa sababu matibabu hutegemea ukweli huo. Mtu mmoja akae naye muda wote, asiachwe peke yake. Kama ni wewe unayesoma hili kwa ajili yako mwenyewe, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, au nenda kituo cha afya kilicho karibu.

20. Nani anawasimamia polisi wenyewe?

Kenya kuna IPOA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na vifo na majeraha makubwa yanayotokana na polisi lazima yaripotiwe kwake. Afrika Kusini kuna IPID, ambayo hupaswa kuchunguza kila kifo mikononi mwa polisi. Tanzania haina chombo cha aina hiyo; malalamiko hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mambo mengine mengi mezani. Vyombo hivi huenda polepole, na mashahidi huogopa. Hata hivyo, malalamiko yenye tarehe, namba na karatasi ya daktari huishi muda mrefu kuliko yale ya mdomo.

21. Aliyenipiga ni askari, na fomu iko kaunta kwake. Nifanyeje?

Usiende kituo hicho. Anza hospitali (swali la 2), mwambie daktari nani kakupiga na kwa kitu gani, na umwombe aandike yote kwenye faili lako la matibabu. Faili la hospitali nalo ni kumbukumbu, lina tarehe na sahihi, na haliko kwenye droo ya polisi. Piga picha majeraha siku ya kwanza na siku ya tatu, kwa kuwa michubuko huiva. Ya siku ya tatu husema zaidi. Weka kitu kama rula au sarafu kando ya jeraha ili ukubwa uonekane.

Kisha nenda kituo kingine au ofisi ya polisi ya wilaya ukiwa na mtu mzima mwingine, wakili, mjumbe au kiongozi wa dini, maana mtu mmoja hujibiwa tofauti na watu wawili. Wakikunyima fomu, andika jina lililo kifuani mwa aliyekunyima, saa na tarehe. Yaweke hayo kwenye barua, uipeleke kwenye chombo cha swali la 20 na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.